Nusu ya Ubongo Kwenye Barafu

Vijana wangu wa maabara ya mifugo, Kajiado. Siku mliyoniaga, wengi wenu mliona mama mmoja wa Kimaasai akinipa kikombe cha maji, nami nikashindwa kuyameza mbele ya wageni wote. Tangu hapo nasikia kuna maneno yanazunguka, eti Mutua amestaafu na ugonjwa wa koo. Sina ugonjwa wa koo. Lakini kisa cha kile kikombe ni kirefu, na kwa kuwa siku hizi nina wakati mwingi kuliko kazi, nimekaa hapa nyumbani Kitengela nikiandike. Wanaotafuta habari za kupandishwa vyeo wataniwia radhi. Zangu zote zingeandikwa nyuma ya stempu na nafasi ingebaki.

Nilifika Kajiado mwanzoni mwa miaka ya tisini nikitokea Machakos, nikiwa na koti jeupe ambalo mke wangu Mbithe alikuwa amelipiga pasi mpaka likasimama lenyewe. Nilidhani nitaonyeshwa hadubini. Fundi mkuu wa maabara, Bwana Nzioka, Mkamba mwenzangu mwenye uso wa mtu aliyekalia mwiba, alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, kisha akanikabidhi msumeno wa bucha na gunia lenye kichwa cha ng'ombe.

"Toa ubongo," akasema. "Na utoke mzima. Ubongo, si wewe."

Nilikipigia msumeno kile kichwa asubuhi nzima. Koti likabadilika rangi, na ubongo ulipotoka ulikuwa laini kiasi cha kumiminika. Bwana Nzioka alichungulia ndani ya beseni.

"Sasa hii tunaipima au tunaikunywa?" akauliza.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, kwa njia hiyo hiyo ya kuuliza maswali yasiyohitaji jibu. Alinifundisha wapi pa kuanzia kukata fuvu, nyuma ya pembe, bila kuugusa ubongo wenyewe. Alinifundisha kugeuza hadubini ielekee dirishani stima ikipotea, na kunawa rangi ya kupakia vioo vya damu kabla sijaenda nyumbani, maana Mbithe alikuwa ameanza kuuliza ni nani huyo anayenishika mikono kwa vidole vya zambarau. Na alinifundisha kanuni yake kubwa, ambayo hakuiandika popote wala kuieleza zaidi ya mara moja. Ubongo ukitoka, unakatwa katikati. Nusu inatiwa kwenye formalini, ambayo inaukausha uwe mgumu kama sabuni ya mche, ukatwe vipande vyembamba vya kutazamwa. Nusu nyingine inabaki mbichi, kwenye sanduku la barafu.

"Hiyo ya formalini ni ya ugonjwa unaoudhania," alisema. "Ya barafu ni ya ile siku utagundua ulikuwa mjinga."

Nilicheka nikidhani anatania. Hakucheka.

Kuna jambo jingine aligundua kunihusu mapema, na nyinyi mmeligundua pia ingawa mmekuwa na adabu ya kunyamaza. Naogopa sindano. Ya kumdunga ng'ombe siiogopi, ni ile inayokuja upande wangu. Siku muuguzi alipotumwa kutuchanja sisi tunaoshika vichwa vya wanyama, tukingwe mapema dhidi ya kichaa cha mbwa, mimi nilikumbuka ghafla kuna damu ya mbuzi ya kuchukuliwa Oltepesi. Hakukuwa na mbuzi wowote Oltepesi. Nilikunywa chai huko barabara ya Magadi mpaka nilipohakikisha muuguzi ameondoka, nikarudi na chupa tupu na sura ya mchapakazi.

Bwana Nzioka alistaafu kabla miaka ya tisini haijaisha, akarudi kwao Machakos kulima maembe. Aliniachia msumeno, na lile sanduku la barafu ambalo kifuniko chake kilifungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tukaletewa daktari wa mifugo, Daktari Sahara, binti wa familia ya wafugaji wa ngamia kutoka Garissa. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri na mkubwa kwangu kwa kila kitu kingine. Alikunywa chai yenye sukari ya kutisha na kuongea kidogo.

Hiyo ndiyo miaka redio zilikuwa zimejaa habari za wazimu wa ng'ombe huko Ulaya, na wateja wa bucha Kitengela walianza kuuliza kama nyama ya mbavu iko salama. Daktari Sahara akatuita sote, kuanzia fundi mpaka dereva, akatufundisha. Somo lile sitalisahau, na mtaona kwa nini ingekuwa heri ningelisahau.

Alituambia magonjwa mengi tunayoyajua huletwa na mgeni, awe bakteria, kirusi au kijidudu cha kupe. Mgeni akiingia, kinga ya mwili humwona. Joto hupanda, matezi huvimba, kingamwili hutengenezwa, na sisi wa maabara huzitafuta kingamwili hizo kwenye damu na kujifanya tuna akili. Lakini wazimu wa ng'ombe huletwa na kitu kinachoitwa prioni, na prioni si mgeni. Ni protini ya mwili wenyewe, ile ile inayokaa kwenye seli za ubongo, ila imekunjika vibaya. Ikikutana na nyingine zilizo nzima, inazikunja nazo ziharibike.

"Fikirieni mlinzi wa ploti hapo Kitengela," akasema. "Mwizi akiruka ukuta, mlinzi anapiga filimbi. Sasa mtoto wa landlord ameharibika, anakuja kubeba televisheni ya mzee wake. Mlinzi atafanya nini?"

"Atamfungulia gate," dereva akajibu.

"Atamfungulia. Na atamsaidia kubeba."

Hilo la kusaidia kubeba ndilo lililonimaliza. Alieleza kwamba ndani ya bandama, matezi na mafindofindo kuna seli za kinga ambazo kazi yake ni kuwashika wageni na kuwaonyesha askari wengine. Seli hizo huishika prioni na kukaa nayo, na hapo ndipo inapozaana kimyakimya kabla ya kupanda na mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Alisema kuna panya wa maabara wenye kinga pungufu, ambao mimi ningeapa wangekufa wa kwanza. Kumbe prioni ikiingizwa tumboni mwao, wao ndio huchelewa kuugua, wengine wasiugue kabisa, kwa kuwa hakuna mlinzi wa kuwabebea mzigo. Kwa hiyo homa haipo, kingamwili hazipo, chanjo haipo, na kipimo cha damu hakipo. Utajua mnyama akishakufa, ukifungua ubongo.

Sijawahi kupenda jambo la kitaaluma namna ile. Miaka yote nilikuwa nimehesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi cha mbuzi, na hakuna aliyewahi kuniomba nimweleze zaidi. Sasa nilikuwa na hotuba. Niliitoa kwenye kikundi cha wanaume kanisani. Niliitoa kwenye josho, kwenye bucha, na siku ya soko Kisaju nikiwa nimesimama juu ya kreti ya soda. Kila nilipoirudia iliongezeka chumvi. Mlinzi wa ploti alipata jina, mke na tabia ya kulala kazini.

Nikaanza pia kujichunguza mafindofindo kwenye kioo. Siku moja nikaenda kliniki Kitengela, nikamwomba yule daktari ayatoe yakapimwe.

"Yanauma?" akauliza.

"Hapana. Hiyo ndiyo inanipa wasiwasi."

Alinipa chumvi ya kusukutua na kuniambia nipumzike. Mbithe aliposikia alisema kama ni ubongo kuharibika, yeye aliona dalili kabla ya harusi.

Basi kikaja kile kiangazi. Daktari Sahara alikuwa amekwenda Garissa kwa likizo ya Idi, maabara imebaki mikononi mwangu, ndipo nikaitwa kwa Mama Nashipae, ng'ambo ya Kisaju. Huyu alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili, na maziwa yake yalinywewa na nusu ya Kitengela. Ng'ombe wake mmoja mwekundu, ambaye wakati huo hakuwa akikamuliwa, alikuwa amesimama peke yake kando ya boma, ute ukimning'inia mdomoni.

"Takwenya, Mama Nashipae," nikamwamkia kwa Kimaasai, naye akaitikia.

"Iko, Daktari. Hii ng'ombe imemeza mfupa. Tangu juzi haimezi kitu, haikunywi. Nimeingiza mkono mpaka hapa, sijapata."

Alinionyesha kiwiko. Kwenye vifundo vya vidole kulikuwa na mikwaruzo ya meno.

Mnaojua Kajiado mnajua kwamba kiangazi kikikaza ng'ombe hutafuna mifupa iliyolala malishoni, na mfupa hukwama. Kila mfugaji hapa akiona ng'ombe anadondosha ute na hamezi, kwanza anakunja nguo na kutia mkono. Nami nilifanya vivyo hivyo. Nilivaa glavu iliyokuwa imefuliwa na kuanikwa mpaka kidole gumba kilikuwa nje kinaota jua, nikazamisha mkono kooni. Jino likanikwaruza kile kidole. Mfupa sikuupata. Nilipotoa mkono, yule ng'ombe alilia kwa sauti iliyokwaruza, akapepesuka, miguu ya nyuma ikapishana.

Mtu mwenye akili angeuliza swali moja au mawili hapo. Mimi sikuwa na haja ya maswali, nilikuwa na hotuba.

Niliwaita wote wa boma ile, pamoja na mume wake, mzee mpole aliyekaa kwenye kigoda na fimbo yake magotini. Nikawaambia wazimu wa ng'ombe umefika Kisaju. Nikawaeleza mlinzi na mtoto wa landlord, bandama na matezi. Niliongea vizuri kuliko nilivyowahi kuongea maishani, hata mbuzi walitulia. Nikakataza ng'ombe yule asiguswe wala kuliwa, hata kwa kuchemshwa. Hicho ndicho kitu pekee nilichokifanya sawa siku ile, na nilikifanya kwa sababu isiyo yake.

Mama Nashipae aliinua mkono wake, akautazama.

"Na mtu akiwa ametia mkono ndani?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini nilikuwa nimepanda juu sana kwenye hotuba, kushuka kukawa kugumu.

"Mama," nikasema kwa sauti nzito, "mwili wa binadamu haumjui adui huyu. Dawa hakuna. Tunamwachia Mungu."

Nilirudi Kitengela nikijiona shujaa, kwa kuwa na mimi nilikuwa nimekwaruzwa. Jioni nilimweleza Mbithe nyimbo ninazotaka ziimbwe siku ya mazishi yangu. Akaniambia mojawapo hataweza, sauti yake haifiki.

Kesho yake ng'ombe alikufa. Nilirudi na msumeno, safari hii nikiwa nimevaa glavu nzima, tukamfukia shimoni na kufunika kwa miba, nikabeba kichwa mpaka maabara. Nilikusudia ubongo wote uende kwenye formalini, maana prioni hutafutwa kwa kutazama matundu kwenye vipande vilivyokauka. Lakini mikono yangu ilikuwa imezoea kazi ya Bwana Nzioka kuliko kichwa changu kilivyozoea kufikiri. Nilipozinduka nilikuwa nimeshakata katikati na nafunga tyubu ya baiskeli juu ya sanduku. Nikaona ni barafu ya bure, nikaiacha.

Daktari Sahara alirudi baada ya Idi, nikampokea mlangoni na habari yangu kubwa, mikwaruzo yetu ikiwamo. Alisikiliza bila kukaa.

"Aliugua kwa muda gani?"

"Siku chache tu."

"Mzee Mutua, wazimu wa ng'ombe unajificha miaka. Na ukitokea, unakokota mnyama wiki na miezi. Halafu hii ng'ombe ya Kisaju imekula wapi chakula cha kiwanda cha Ulaya, kile cha kutiwa unga wa mifupa ya ng'ombe wagonjwa?"

"Huwa anatafuna mifupa..."

Alifumba macho kidogo, akayafumbua.

"Sauti yake ilikuwaje?"

"Imekwaruza."

"Alikuwa anameza?"

"Hapana. Mama alifikiri ni mfupa."

"Mbwa, mbweha, kuna kitu ilipita hapo na kuuma?"

Ndipo nilipokumbuka. Mzee wa kigoda alikuwa amesema, katikati ya hotuba yangu, kwamba wiki kadhaa nyuma mbweha aliingia bomani mchana akazunguka bila woga. Nilimwomba asinikatize.

"Ubongo iko wapi?" akauliza.

"Kwa formalini."

"Yote?"

"Nusu. Nusu iko kwa barafu."

"Alhamdulillahi," akasema, na hapo ndipo akakaa. Kipimo cha haraka cha kichaa cha mbwa kilitaka ubongo mbichi. "Hii naipeleka Nairobi mimi mwenyewe. Lakini majibu hatungojei. Chukua pickup, mlete huyo mama hospitali leo. Na wewe pitia hapo kwanza udungwe."

Akanieleza tena kwa mfano wa mlinzi yule yule, kwa kuwa aliona ndiyo lugha ninayoielewa. Kirusi cha kichaa cha mbwa ni mgeni kabisa, mwizi wa kweli. Ujanja wake ni kupita pole pole ndani ya mishipa ya fahamu, ambako mlinzi haangalii. Chanjo ni kumpelekea mlinzi picha ya mwizi mapema, amngoje. Mwizi akishafika ubongoni, picha haisaidii tena, na mtu huyo hufa.

Niliendesha nikaipita hospitali. Nilijiambia nakimbilia maisha ya Mama Nashipae, na ilikuwa kweli, ila si kweli yote. Nilikuwa nimeiona foleni ya sindano kupitia dirishani.

Bomani nilipokelewa kama mchungaji. Mama Nashipae alikuwa amemwita binti yake kutoka shule ya bweni, amemgawia shanga zake, na sasa alikuwa akimtembeza kwenye zizi kumwonyesha ng'ombe gani hupiga teke na yupi hukamuliwa kwa wimbo. Nashipae alikuwa amelia mpaka uso umevimba.

"Karibu, Daktari," mama akasema kwa upole. "Umekuja kutuombea?"

Sijawahi kujichukia kama dakika ile. Nikaanza kueleza. Nikasema ugonjwa ni mwingine, huu kinga inaufahamu ikifundishwa, dawa iko, twende sasa hivi. Maneno yalitoka ovyo. Hotuba ya uongo ilikuwa imenyooka, ya kweli ikawa inakwamakwama.

"Siku ile ulisema mwili haijui hii ugonjwa," mzee akasema kutoka kwenye kigoda. "Leo inajua?"

"Siku ile niliongea juu ya ugonjwa mwingine, mzee."

"Lakini ng'ombe ni ile moja."

"Daktari," Mama Nashipae akaingilia, "mimi sina maneno na wewe. Ulituambia ukweli na ulisema vizuri, hata huyu mzee alilia, na yeye halii. Sasa unanihurumia. Unataka nidungwe maji kwa sindano ndio nifurahi kidogo."

"Mama, dawa iko. Haki ya Mungu, iko."

"Iko?"

"Iko."

Alinishika mkono, akaugeuza, akatazama kidole gumba changu. Mkwaruzo ulikuwa bado unaonekana.

"Hii kidole si ilikuwa ndani ya mdomo ya ng'ombe kama yangu?"

"Ilikuwa."

"Na wewe umedungwa?"

Nilitazama chini.

"Bado."

"Kama dawa iko, mbona wewe hujadungwa?"

Nilikuwa na sababu nyingi nzuri. Kazi nyingi, barabara, haraka ya kumfikia yeye. Nikafungua mdomo nizitoe, nikamwona Nashipae amezishika zile shanga kwa mikono yote miwili.

"Naogopa sindano," nikasema.

Kisha mzee akatoa sauti ambayo mwanzoni nilidhani ni kikohozi. Alikuwa anacheka. Mama Nashipae hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na shuka yake ya safari.

"Twende," akasema. "Nikuone ukidungwa. Ukidungwa, nitajua dawa iko."

Kajiado hospitalini tulinawishwa mikono kwa sabuni na maji mengi kwa muda mrefu, kisha muuguzi akauliza nani anaanza. Mama Nashipae akanyoosha kidole kwangu. Nikakunja mkono wa shati. Nakumbuka harufu ya spiriti na pamba kwenye bega, na nakumbuka kuamua kutazama kalenda ya ukutani. Kilichofuata nilisimuliwa. Nilianguka pamoja na kiti na ile trei ya pamba, na ilibidi wanaume waitwe kutoka foleni kuninyanyua. Nilipofumbua macho nilikuwa kitandani, Mama Nashipae ameketi kando, pamba imebandikwa begani mwake, na machozi ya kicheko yanamtiririka.

"Amka, Daktari," akasema. "Mimi nishamaliza."

Baadaye aliniambia kilichomsadikisha si maneno. Alisema mtu hawezi kuanguka namna ile kwa ajili ya maji.

Majibu ya Nairobi yalikuja kesho yake: kichaa cha mbwa. Tukarudi pamoja kwa sindano zote zilizobaki. Ya pili nilianguka tena, ya tatu nilikalia sakafu kabisa kupunguza safari. Nilipomtembelea Bwana Nzioka kwake nikamsimulia kila kitu, alicheka mpaka akashika shina la mwembe. "Kwa hivyo hiyo siku ilifika," akasema.

Lakini kati ya sindano na uhakika kuna kungoja, na kungoja kule sikukuweza. Ugonjwa ule unaweza kukaa miezi kabla haujajitokeza, na tulikuwa tumechelewa kuanza. Daktari Sahara alimweleza Mama Nashipae wazi dalili zake, kwamba mtu aliyeshikwa huogopa maji, koo likimfunga kila akijaribu kunywa. Mama alisikiliza, akaitikia kwa kichwa. Siku ya soko iliyofuata, Kisaju, alinikuta kwenye mnada wa mbuzi akiwa na kikombe cha bati. Akanywa mafunda kadhaa mbele yangu, akanipa.

"Kunywa."

Nikanywa. Alitazama koo langu mpaka likapanda na kushuka, ndipo akachukua kikombe chake akaenda zake.

Ikawa hivyo kila siku ya soko. Nilikuwa nafika mapema, nasimama pale mnadani, nasikiliza kama sauti yake inakuja. Akichelewa, sikuona mbuzi wala watu. Nilimwogopea yeye kuliko nilivyojiogopea, kwa sababu kama angekufa, ningekuwa mimi niliyemwambia akae nyumbani akingoje kifo. Alipotokea na kile kikombe, moyo wangu ulikuwa unarudi mahali pake, nami nakunywa maji ya vuguvugu yenye ladha ya moshi kama mtu aliyetoka jangwani.

Miezi ikapita, mwaka ukapita. Daktari Sahara akatuambia sasa tusahau. Mimi nikamwambia Mama Nashipae kwamba imetosha.

"Imetosha kwa nani?" akasema, akanipa kikombe.

Hotuba ya prioni niliendelea kuitoa, maana ni nzuri na ni kweli, na baadhi yenu mliisikia mkiwa wageni. Mliwahi kuniuliza kwa nini naianza kwa kuwaomba wenye ng'ombe wanieleze habari za mnyama wao kwanza, nami nanyamaza hata wakichukua nusu saa. Mliniuliza pia kwa nini nilipiga kelele siku mmoja wenu alipotia ubongo wote kwenye formalini. Sasa mnajua.

Basi, siku ya kuniaga. Mgeni rasmi alikuwa anasoma mambo yangu mema, mengine nikiyasikia kwa mara ya kwanza. Mama Nashipae hakuwa amealikwa, kwa sababu nilimsahau, naye hakungoja kadi. Mlimwona akipita katikati ya viti na shuka yake nyekundu, akachukua jagi kwenye meza kuu, akamimina maji kwenye kikombe cha bati alichokitoa kifuani. Akanywa, akanipa.

Nikakiinua. Nikamwona amezeeka. Nikakumbuka shanga mikononi mwa Nashipae, ambaye siku hizi ana watoto wake. Nikatia maji mdomoni, na koo likakataa. Yalirudi yote, yakateremka kwenye tai niliyonunuliwa na Mbithe kwa ajili ya siku ile.

Nyinyi mlicheka, na hamkukosea, maana hamkujua. Mle ukumbini walikuwamo watu wachache waliojua maana ya mtu kushindwa kumeza maji. Mama Nashipae alinishika kola kwa mikono miwili.

"Daktari! Imekushika?"

Nilitikisa kichwa. Akanitazama koo, akanitazama mdomo, ndipo alipofika machoni, akaona yamejaa.

"Aa," akasema, akaniachia kola, akaifuta tai kwa pembe ya shuka yake. "Ni hiyo tu."

Kisha akamimina mengine.

"Kunywa pole pole," akasema. "Mimi siendi mahali."

Mgeni rasmi akangoja na karatasi yake mkononi. Nikanywa mpaka tone la mwisho, Mama Nashipae akilitazama koo langu, likapanda na kushuka.